Aliyeingizwa Akatolewa

Miongoni mwa matendo yote ambayo kanuni za mpira wa miguu zimemhalalishia kocha, hapana lililo jepesi kwa mkono wa mtendaji na zito kwa moyo wa mtendwa kama lile la kumtoa uwanjani mchezaji ambaye kocha huyo huyo, muda mfupi tu uliopita, alimwinua kwenye benchi, akamwita kando, akamnong'oneza maagizo sikioni, akampiga begani na kumwingiza. Mchezaji aliyeanza mechi akitolewa ana nyudhuru nyingi za kujistiri nazo: pengine amechoka, pengine ana kadi ya manjano na kocha ameihofia ya pili, pengine mechi ya katikati ya wiki imekaribia na miguu yake inahitajiwa huko. Mchezaji wa akiba hana sitara hata moja kati ya hizo. Hakuchoka, kwa kuwa wenzake ndio waliokimbia tangu filimbi ya kwanza. Na ikiwa hakuumia, basi kila atazamaye, awe amekaa jukwaa la heshima au amebanana na wenziwe katika kibanda cha kutazamia mpira pale Manzese, hufahamu papo hapo kwamba mtu yule amepimwa akaonekana hatoshi. Hali yake ni ya mgeni aliyekaribishwa kwenye sinia, akanawa, akakaa, akatia mkono, kisha akaambiwa ainuke kabla ya tonge la tatu, huku walaji wengine wakiendelea.

Nataka kusema mapema ninakokwenda, ili msomaji asinidhanie kuwa wakili wa wavivu. Kocha ana haki kamili ya kumtoa mchezaji wa akiba, hata baada ya dakika tano, na haki hiyo haihitaji idhini ya mchezaji, wala ya mashabiki, wala ya gazeti hili. Ninalolipinga ni jambo jingine ambalo aghlabu huandamana nalo, nalo ni kuigeuza hukumu ya mpira kuwa hukumu ya tabia, na kuitangaza mbele ya vinasa sauti kabla kijana hajapanda basi la kurudi nyumbani.

Kisa ninachokiona kuwa kinafaa kupimwa polepole ni cha tarehe 20 Februari 2021, katika uwanja wa St Mary's, Southampton walipowakaribisha Chelsea. Dakika ya 33 wenyeji walitangulia kwa bao la Takumi Minamino, Mjapani aliyekuwa ameazimwa kutoka Liverpool. Wakati wa mapumziko, Thomas Tuchel, kocha Mjerumani wa Chelsea ambaye alikuwa hajatimiza hata mwezi mmoja katika kazi yake, alimpumzisha mshambuliaji Tammy Abraham na kumwingiza Callum Hudson-Odoi, barobaro wa miaka 20, mzaliwa wa London mwenye asili ya Ghana. Dakika ya 54 Mason Mount alisawazisha kwa mkwaju wa penalti, na mechi ikawa imefunguka, kila upande ukiwa na tamaa ya kuipata na hofu ya kuikosa. Dakika ya 76 mwamuzi wa akiba aliinua ubao wake, na namba iliyowaka kwa rangi nyekundu ilikuwa 20, namba ya Hudson-Odoi. Akatoka, akaingia Hakim Ziyech, Mmoroko, na mechi ikaisha kwa sare ya bao moja kwa moja.

Kijana alikuwa amecheza takribani nusu saa. Zilikuwa siku za maradhi ya korona, majukwaa yakiwa matupu, kwa hiyo alitoka pasipo mshabiki wa kumpigia makofi ya huruma wala wa kumzomea, na mimi nashindwa kuamua lipi kati ya hayo mawili lingekuwa afadhali kwake kuliko lile alilolipata. Lakini kamera hazikuwa na karantini. Dunia nzima ya wapenda mpira iliuona uso wake alipokuwa akielekea kwenye kiti, na kabla usiku haujaingia ilikuwa imeisikia sababu kutoka kinywani mwa kocha wake mwenyewe.

Tuchel alipoulizwa hakuzungukazunguka. Alisema kwamba hakuridhishwa na mwenendo wa kijana, wala na nguvu zake, wala na namna alivyoshiriki katika kuupora tena mpira kila ulipopotea. Kwamba katika timu yake hudaiwa asilimia mia. Na kwamba hakumwona kuwa katika hali ya kuwasaidia wenzake. Akaongeza kwamba jambo lile litakuwa limesahauliwa siku ya pili yake, na kwamba kijana ana kila nafasi ya kuanza katika mechi ifuatayo, dhidi ya Atlético Madrid. Nyongeza hii watu wengi huiacha wanapokisimulia kisa, nami sitaiacha, kwa kuwa insafu inadai mtu apewe kilicho chake.

Kabla ya kuwahukumu wawili hawa yafaa tutazame kidogo tendo lenyewe lilikotoka, maana halikuwa na maana hii tangu asili. Kwa miongo mingi mpira wa Uingereza haukumjua mchezaji wa akiba kabisa: walioanza ndio waliomaliza, na mtu akivunjika mguu, wenzake kumi walibeba mzigo wake hadi mwisho. Mabadiliko yaliruhusiwa katika ligi yao kuanzia msimu wa 1965-66, mtu mmoja tu kwa kila timu, na kwa sharti la jeraha. Tarehe 21 Agosti 1965, Charlton Athletic walipokuwa wakicheza na Bolton Wanderers, kipa wao aliumia mapema, na Keith Peacock akaingia akawa mchezaji wa akiba wa kwanza katika historia ya ligi hiyo. Naye, kwa sadfa inayopendeza, alikuwa kijana wa miaka 20. Sharti la jeraha liliondolewa katika msimu wa 1967-68, na fainali za Kombe la Dunia zilikaribisha mabadiliko kwa mara ya kwanza kule Mexico mwaka 1970, wachezaji wawili kwa kila timu.

Sasa msomaji aione tofauti. Maadamu hakuna aliyetoka ila kwa jeraha, aliyetoka alistahili pole, na uwanja mzima ulimpa. Siku ile kocha aliporuhusiwa kumtoa mtu mzima wa afya kwa sababu ya hesabu zake mwenyewe, kutoka uwanjani kukawa kauli: kocha husema nayo bila ya kufungua kinywa, na watu huisoma. Ndiyo maana hata magwiji walioshinda kila kitu huondoka wakitikisa vichwa, wakirusha vitambaa vya unahodha, wakipita bila ya kutoa mkono. Wanajua kwamba wamesemwa. Sembuse kijana aliyekuwa ameingia saa hiyo hiyo.

Na siku ile ya Southampton kauli ilikuwa na uzito zaidi kwa sababu ya hesabu. Baada ya korona kuzuka, wenye kanuni za dunia waliruhusu mabadiliko matano kwa mechi, ili miili ya wachezaji isiangamie kwa ratiba iliyosongamana. Lakini klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikataa kuendelea nayo katika msimu wa 2020-21, zikarudi kwenye matatu, ilhali ligi nyingine kubwa za Ulaya zilibaki na matano. Kwa hiyo Tuchel alikuwa na nafasi tatu tu za kuibadilisha timu iliyokuwa nyuma kwa bao moja, naye akatumia mbili kati ya hizo juu ya mtu mmoja, moja ya kumwingiza na moja ya kumtoa. Kocha hafanyi israfu ya namna hiyo kwa mchezo. Anaifanya anapokuwa na yakini kwamba kosa lipo na kwamba kuliacha kutagharimu zaidi.

Ila ni kosa la nani? Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na wale waliomshangilia Tuchel kwa ukali wake. Mchezaji wa akiba hajichagui. Hakuna aliyemlazimisha kocha kumwita Hudson-Odoi wakati wa mapumziko. Kocha alimwona mazoezini wiki nzima, aliijua mechi ilivyokuwa katika kipindi cha kwanza, alikuwa na watu wengine kwenye benchi, akamchagua yeye. Ikiwa dakika thelathini baadaye chaguo hilo limeonekana si sahihi, basi walioshindwa ni wawili, aliyechagua na aliyechaguliwa, na uadilifu ungetaka wa kwanza kuitaja sehemu yake kabla ya kuitaja ya pili. Katika yale aliyoyasema jioni ile sikuisikia sehemu ya kwanza.

Nirudi kwenye mashtaka yenyewe, maana yamechanganya vitu vya jinsi mbili. Mashtaka ya nguvu na ya kuupora mpira ni ya mambo yanayoonekana. Mpira wa Tuchel, kama wa Wajerumani wengi wa kizazi chake, umejengwa juu ya kanuni kwamba timu ikipoteza mpira, wale walio karibu nao hawarudi nyuma kujipanga bali humrukia adui mara moja, ndani ya sekunde chache, kabla hajainua macho; na kanuni hii hufa ikiwa hata mmoja wa wale wa mbele atabaki akitembea, kwa sababu adui hupenya hapo hapo alipo mtembea. Mchezaji wa pembeni anayengoja mpira uletwe miguuni mwake, hata awe na chenga tamu kiasi gani, katika mfumo huo ni tundu. Ikiwa Hudson-Odoi alitembea pale palipotakiwa mbio, basi kocha aliona, wasaidizi wake waliona, na kamera ziliona. Alistahili kutolewa, nami ningemtoa.

Lakini shtaka la mwenendo, la moyo alioingia nao kazini, ni jambo jingine. Miguu huonekana, nia haionekani, na anayeijua ni mwenyewe na Mola wake. Kijana akikimbia kidogo, yamkini ni mvivu. Yamkini pia ana woga, au hakuyafahamu maagizo, au mapafu yake hayajashika moto ilhali ya wenzake yamekwisha kuchangamka kwa dakika arubaini na tano, au ana maumivu anayoyaficha kwa kuogopa kupoteza nafasi. Hili la mwisho si dhana ya kubuni kwa mtu kama Hudson-Odoi. Aprili 2019, katika mechi na Burnley, alikatika mshipa mkubwa wa kisigino, jeraha ambalo limewamaliza wachezaji wengi waliotegemea mwendo wa ghafla, na alikaa nje kwa miezi kadhaa. Sidai kwamba kisigino ndicho kilichomzuia siku ile ya Februari. Nasema tu kwamba kocha aliyemjua kwa wiki tatu na siku kadhaa alikuwa na ushahidi wa miguu, akatoa hukumu ya roho.

Na huyu hakuwa kijana asiye na historia. Alilelewa katika shule ya mpira ya Chelsea pale Cobham, kama Abraham aliyempisha na kama Mount aliyesawazisha, hata ungeweza kusema kwamba sura tatu za malezi yale zilikutana katika mechi moja: mmoja akatolewa mapumzikoni, mmoja akafunga, mmoja akaingia akatoka. Mwaka 2017 alikuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 kule India. Januari 2019 Bayern Munich walimtaka kwa bidii, kwa kitita kilichoripotiwa kufika pauni milioni 35, naye akaomba aruhusiwe kwenda, klabu ikakataa. Machi mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 18, aliichezea timu ya taifa dhidi ya Jamhuri ya Czech, akawa mdogo kuliko wote waliopata kuanza safari yao ya Uingereza katika mechi ya mashindano. Kisha likaja jeraha, kisha mkataba mpya wa miaka mitano, kisha kungoja. Tuchel mwenyewe, katika mechi yake ya kwanza kabisa Chelsea, tarehe 27 Januari dhidi ya Wolverhampton Wanderers, alimpanga ubavu wa kulia, mahali panapomtaka mtu ashambulie na kulinda kwa pamoja, ingawa kijana huyu tangu utotoni alikuwa winga. Na wengi tulioitazama mechi ile tuliona kwamba aliifanya kazi hiyo kwa juhudi. Juhudi aliyokuwa nayo Januari haikuwa imefutika katika tabia yake ilipofika Februari.

Watetezi wa Tuchel watanijibu kwamba ukweli ni ukweli, kwamba kocha aliulizwa akajibu, na kwamba wachezaji wa siku hizi, kwa mishahara wanayopokea, hawana haki ya kulelewa kwa maneno ya asali. Jibu hili lina nguvu kwa nje tu. Makocha hao hao huficha ukweli wiki nzima kwa faida ya timu: huficha nani ameumia, nani ataanza, nani atapiga penalti, na mwandishi akiwauliza hutabasamu wakapita, wala hakuna anayewaita waongo. Mtu anayejua kuficha hali ya goti la mshambuliaji ili adui asifaidike, anashindwaje kuficha aibu ya kijana wake ili kijana asiumie? Angeweza kusema kwamba alihitaji mguu wa Ziyech kwa mipira ya kutengwa, au kwamba mechi ilibadilika baada ya penalti, au kwamba mpango wake wa mapumziko haukufaulu. Moja ya hayo lingetosha, wala lisingekuwa uongo. Wachezaji kumi waliobaki uwanjani walikwisha kufahamu; kijana mwenyewe alifahamu kuliko wote. Tendo lilikuwa limekwisha kusema, na maneno yaliyofuata yalikuwa ya ziada.

José Mourinho, mtu ambaye hakuna atakayemwita mpole, alipata kufanya tendo hili hili mara mbili mashuhuri, na kulinganisha kunatufunza jambo. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Oktoba 2015, Chelsea wakiwa nyumbani, na adui, kwa ajabu ya mambo, alikuwa Southampton hao hao, klabu ambayo katika miaka hiyo ilikuwa ndiyo makao ya Mkenya wetu Victor Wanyama. Nemanja Matić aliingizwa wakati wa mapumziko, akatolewa kabla ya nusu saa kutimia, na Chelsea wakapigwa tatu kwa moja. Matić alikuwa na umri wa miaka 27, ana medali ya ubingwa aliyoivaa Mei ya mwaka ule ule. Fedheha ilimgusa lakini haikuwa na uwezo wa kumwandika upya, kwa kuwa kitabu chake kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Aliyetikisika zaidi alikuwa kocha mwenyewe, ambaye baada ya mechi alizungumza na televisheni kwa mfululizo wa dakika saba akiwalaumu waamuzi na kuitaka klabu imfukuze ikiwa inataka, na klabu, kabla ya Krismasi, ikamtimizia.

Mara ya pili ilikuwa Agosti 2016, katika mechi ya Ngao ya Hisani pale Wembley, Manchester United na Leicester City. Juan Mata aliingia kipindi cha pili, United wakapata uongozi, na katika dakika za nyongeza Mourinho akamtoa. Mata, mtu muungwana anayejulikana kwa upole wake, alionekana kuchukia, na kwa vile Mourinho alikuwa amepata kumuuza alipokuwa naye Chelsea, magazeti yalikuwa tayari kuandika juu ya visasi. Mourinho alitoa sababu moja tu: Leicester wangepiga mipira mirefu ya juu, kanuni za mechi ile ziliruhusu mabadiliko mengi, na yeye alihitaji kumtoa mfupi kuliko wote. Basi. Mtu anaweza kuicheka sababu hiyo, lakini haimdhuru aliyetolewa, kwa maana hakuna anayelaumiwa kwa kimo alichopewa na Muumba. Mata aliendelea kuichezea United kwa karibu miaka sita tangu siku ile, na kisa kikabaki kichekesho. Hapa Mourinho, katika jambo hili moja, alikuwa muungwana kuliko Tuchel, na sidhani kwamba nitapata nafasi nyingine ya kuiandika sentensi hii.

Nilisema nitampa Tuchel kilicho chake. Siku tatu baada ya Southampton, tarehe 23 Februari, Chelsea walicheza na Atlético Madrid katika Ligi ya Mabingwa, mechi iliyohamishiwa Bucharest kwa sababu ya vizuizi vya safari za korona, na Hudson-Odoi alianza. Kocha alitimiza ahadi. Olivier Giroud alifunga kwa tikitaka, Chelsea wakashinda moja bila, na kijana alicheza hadi mechi ilipokaribia kwisha. Kuna makocha, Ulaya na hapa kwetu, ambao mchezaji wakishamtoa kwa hasira hawamtazami tena usoni hadi dirisha la usajili lifunguke. Tuchel hakuwa wa jinsi hiyo, na jambo hilo lastahili sifa bila ya kinyongo.

Ila kuna hoja moja iliyozaliwa baadaye ambayo siikubali hata kidogo. Tarehe 29 Mei mwaka ule, kule Porto, Chelsea waliwashinda Manchester City kwa bao la Kai Havertz na kutwaa ubingwa wa Ulaya, na tangu siku ile wapo wasemao kwamba kombe ni ushahidi wa ukali wa Februari. Kombe ni ushahidi wa ulinzi wa Antonio Rüdiger, wa mapafu ya N'Golo Kanté, na wa macho ya kocha aliyejua kuupanga mstari wa watu watatu nyuma. Hudson-Odoi usiku ule alikuwa kwenye benchi, na Tuchel, ambaye kanuni za Ulaya zilimpa mabadiliko matano, alitumia matatu na hakumwingiza. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba Chelsea walikuwa mabingwa kwa sababu kijana mmoja alitahayarishwa mbele ya waandishi miezi mitatu kabla.

Yaliyompata baadaye yanajulikana. Nafasi zilipungua, Agosti 2022 akaazimwa Bayer Leverkusen ya Ujerumani, mwaka 2023 akauzwa Nottingham Forest kwa ada iliyoripotiwa kuwa sehemu ndogo tu ya zile pauni za Bayern. Ingekuwa rahisi kwangu kusema kwamba yote hayo yalianzia dakika ya 76 pale St Mary's, na msomaji mwenye huruma angenikubalia, lakini ingekuwa dhuluma kwa ukweli, kwa sababu maisha ya mchezaji yana majeraha, na mikataba, na ushindani wa namba, na makocha wanaokuja na kuondoka. Tuchel naye alifukuzwa Chelsea Septemba 2022, akaenda Bayern, na tangu Januari 2025 ndiye kocha wa timu ya taifa ya Uingereza, ile ile ambayo Hudson-Odoi aliichezea akiwa na miaka 18. Tarehe 14 Septemba 2024, Forest walikwenda Anfield kucheza na Liverpool. Kocha wao, Nuno Espírito Santo, alimwingiza Hudson-Odoi kipindi cha pili akitokea benchi, naye dakika ya 72 akaingia ndani kutoka ubavu wa kushoto, akapiga shuti la kupinda lililompita kipa, bao pekee la mechi, na Forest wakapata pale ushindi wao wa kwanza wa ligi tangu mwaka 1969. Mtu huyo huyo, kazi ile ile ya akiba, mabeki wa Liverpool mbele yake, na tabia ile ile iliyokuwa imetiliwa shaka hadharani.

Sasa ligi za dunia zimezoea mabadiliko matano. Hata Uingereza waliyakubali kuanzia msimu wa 2022-23. Heri yake ni kwamba vijana wengi zaidi wanaingia uwanjani kuliko zamani. Shari yake ni kwamba kumtoa aliyeingizwa kumekuwa rahisi, maana mwenye tano haoni uchungu wa kupoteza mbili kama alivyouona mwenye tatu, na nachelea kwamba tutaliona tendo hili mara nyingi zaidi, na pamoja nalo maneno yake. Katika ligi zetu za Tanzania na Kenya mambo ni mazito kwa namna nyingine. Kijana wa miaka 19 anayepewa dakika chache katika mechi ya Simba na Yanga, au ya Gor Mahia na AFC Leopards, huingia mbele ya majukwaa yaliyojaa, na kocha akisema neno moja baya juu ya moyo wake, neno hilo hurekodiwa, hukatwa vipande, husambazwa kwenye simu usiku ule ule, likafika mtaani kwao kabla yake, mama yake akalisikia dukani anaponunua mafuta ya taa. Mchezaji wa Chelsea ana wakala, ana mshauri, ana mkataba wa miaka. Wa kwetu mara nyingi hana ila jina lake.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu wa habari za michezo kwamba kocha akimtoa kijana wa akiba, wamuulize juu ya mchezo: aliona nini, alitaka nini, nafasi ipi ilivuja, wasimtegee swali la tabia kwa kutafuta kichwa cha habari. Na nawaomba makocha, kuanzia wale wa ligi kuu hadi wale wanaolea watoto Chamazi na kwenye viwanja vya vumbi vya kila wilaya, kwamba wakilazimika kumtoa waliyemwingiza, wamtoe bila ya kusita, wampe mkono anapopita, na wakiulizwa sababu wajibu juu ya mpira peke yake. Yaliyosalia, hata yakiwa machungu kiasi gani, wamwambie yeye mwenyewe.